Saa 24 za Kwanza: Funzo la Palmer Beasley Ambalo Afrika Mashariki Haijalitimiza

Katika wodi za magonjwa ya ndani za hospitali nyingi za Afrika Mashariki yupo mgonjwa ambaye kila daktari amemzoea. Aghalabu ni mtu wa miaka thelathini na kitu au arobaini na kitu, mkulima, dereva, mwalimu au mfanyabiashara, ambaye hadi miezi michache iliyopita alijihesabu kuwa mzima wa afya. Anapofika tumbo limejaa maji, mwili umekonda, macho yamegeuka manjano, na chini ya mbavu za kulia pana uvimbe mgumu unaouma. Ndugu zake wamekwisha kuzunguka kwa waganga, maana wapo waliowaambia kwamba amelogwa. Majibu ya vipimo yanaporudi, huonyesha saratani ya ini iliyokwisha kuenea, na ndani ya damu virusi vya homa ya ini aina ya B. Katika hatua hiyo kazi kubwa inayobaki ni kumpunguzia maumivu.

Ndugu huuliza: ameupata lini ugonjwa huu? Wengi hudhani ni wa mwaka jana au mwaka juzi. Kwa wagonjwa walio wengi jibu la kweli ni kwamba virusi viliingia utotoni, na kwa sehemu yao viliingia siku ile ile walipozaliwa. Jibu hilo linatolewa leo kwa uhakika kutokana na kazi ya watafiti wengi, lakini yuko mmoja anayestahili kufahamika zaidi katika kliniki za wajawazito na vyumba vya kujifungulia kuliko anavyofahamika sasa. Huyo ni Robert Palmer Beasley, mtaalamu wa elimu ya mienendo ya magonjwa kutoka Marekani, aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake katika kisiwa cha Taiwan. Makala haya yanatoa hoja kwamba funzo kuu la Beasley, yaani mapambano dhidi ya saratani ya ini huanza katika saa 24 za kwanza za maisha ya mtoto, limepokewa nusu tu katika nchi za Afrika Mashariki, na kwamba nusu iliyosalia haina sababu ya kuendelea kungoja.

Maradhi yaliyokosa asili

Ili kuipima kazi ya Beasley, ni vema kukumbuka hali ya elimu ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1965 Baruch Blumberg na wenzake walitangaza kuwapo kwa protini ngeni waliyoikuta katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Baadaye ikabainika kwamba protini hiyo ni sehemu ya ganda la virusi vya homa ya ini B. Kutokana na ugunduzi huo, uliomletea Blumberg Tuzo ya Nobel mwaka 1976, kikapatikana kipimo cha damu cha kumtambua mwenye virusi hata kama hana dalili yoyote.

Kipimo kilikuwapo, lakini maswali makubwa yalibaki. Madaktari wa Ulaya na Marekani waliijua homa ya ini B kama ugonjwa wa sindano na wa kuongezewa damu. Maelezo hayo hayakuitosheleza Asia wala Afrika, ambako mamilioni ya watu waliokuwa na virusi hivyo hawakuwahi kuongezewa damu hata mara moja. Aidha, saratani ya ini ilikuwa imeenea mno katika mabara hayo mawili na chanzo chake kilibishaniwa. Wako walioelekeza kidole kwenye sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu unaoota katika mahindi na karanga zisizokaushwa vema. Hoja yao ilikuwa na msingi, kwani utafiti uliofanyika Murang'a nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 1973 ulionyesha kwamba saratani hiyo iliongezeka kadiri kiasi cha sumukuvu katika chakula kilivyoongezeka. Wengine waliona kwamba wagonjwa wengi wa saratani ya ini wana virusi vya homa ya ini, ila hakuna aliyeweza kusema kwa yakini kama virusi vilitangulia saratani au vilipata nafasi katika ini lililokwisha kudhoofika.

Beasley, aliyezaliwa mwaka 1936 na kusoma falsafa kabla ya kusomea udaktari, alifika Taiwan akiwa na Chuo Kikuu cha Washington. Alikuta kisiwa ambacho takribani watu wazima 15 kati ya 100 walikuwa na virusi vya homa ya ini B na ambacho saratani ya ini ilikuwa muuaji mkubwa wa wanaume. Alichokifanya hapo kwa muda wa zaidi ya miaka kumi, pamoja na wenzake akiwamo mke wake Lu-Yu Hwang, kinaweza kuelezwa kwa maswali matatu aliyoyaandama kwa mfuatano: virusi vinaingiaje, vinafanya nini, na vinazuiwaje.

Kutoka kwa mama hadi kaburini

Swali la kwanza lilijibiwa kwa kuwafuatilia akina mama na watoto wao. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1975, Cladd Stevens, Beasley na wenzao walionyesha kwamba takribani watoto wanne kati ya kila kumi waliozaliwa na akina mama wenye virusi, ambao wenyewe hawakuwa na dalili yoyote, walikutwa na virusi hivyo katika miezi ya kwanza ya maisha. Jambo lenye uzito zaidi lilikuwa wakati wa maambukizi. Damu ya kitovu kwa kawaida haikuwa na dalili ya maambukizi. Virusi vilionekana katika damu ya mtoto wiki kadhaa baadaye, na hilo liliashiria kwamba watoto wengi huambukizwa wakati wa kuzaliwa, wanapogusana na damu na majimaji ya mama, wala si wakiwa bado tumboni.

Tofauti hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa kinga. Kama maambukizi yangekuwa yanatokea miezi kadhaa kabla ya uzazi, chanjo baada ya uzazi ingekuwa sawa na kufunga zizi ng'ombe wakiwa wamekwisha kuibwa. Kwa kuwa hutokea saa ya uzazi, kuna muda mfupi ambao mwili wa mtoto unaweza kufundishwa kujilinda kabla virusi havijaota mizizi kwenye ini. Muda huo hauvumilii uzembe. Mtoto anayeambukizwa wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takribani asilimia 90 wa kubaki na virusi maisha yake yote, kwa sababu kinga ya mwili wake bado changa haivifukuzi. Mtu mzima mwenye afya njema anayeambukizwa kwa mara ya kwanza ana uwezekano usiofikia asilimia 5.

Swali la pili lilihitaji subira. Ili kujua kama virusi hutangulia saratani, Beasley aliacha njia ya kuwahoji wagonjwa waliokwisha kulazwa, akaanza na watu wazima wa afya. Kuanzia mwaka 1975 timu yake iliwapima wanaume 22,707 waliokuwa watumishi wa serikali. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara, kwani watumishi hao walikuwa na bima, na kifo cha mwenye bima huacha kumbukumbu. Waliokuwa na virusi walikuwa 3,454 na wasiokuwa navyo 19,253. Kisha watafiti wakasubiri na kuhesabu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1981. Vilikuwa vimetokea vifo 41 vya saratani inayoanzia kwenye ini. Kati ya hivyo, 40 vilitokea katika lile kundi dogo la wenye virusi, na kimoja tu katika kundi kubwa la wasio navyo. Hatari ya saratani ya ini kwa mwenye virusi ilizidi ile ya asiye navyo kwa zaidi ya mara 200. Hata uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, ambao hakuna daktari anayeutilia shaka leo, haufikii ukubwa huo. Ubishi wa kipi kilitangulia ukafikia tamati. Sumukuvu haikuondolewa hatiani, maana baadaye ilithibitika kwamba sumu hiyo na virusi vikikutana katika ini moja huzidishiana madhara. Lakini ilifahamika tangu hapo kwamba virusi hivi vyenyewe ni chanzo cha saratani, na kwamba chanjo dhidi yake ni chanjo dhidi ya saratani.

Swali la tatu lilikuwa la kinga. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1983, watoto wa akina mama wenye kiwango kikubwa cha virusi walipewa kingamwili zilizotayarishwa pamoja na chanjo, wakianza mara baada ya kuzaliwa. Miongoni mwa watoto ambao hawakupata kinga yoyote, karibu tisa kati ya kumi walibaki na virusi. Miongoni mwa waliokingwa, hawakufika sita kati ya mia.

Serikali ya Taiwan ilianza mpango wa chanjo Julai 1984, kwanza kwa watoto wa akina mama wenye virusi, na tangu mwaka 1986 kwa watoto wote wanaozaliwa. Katika mji wa Taipei, watoto wenye virusi walipungua kutoka asilimia 9.8 mwaka 1984 hadi asilimia 1.3 mwaka 1994. Kisha, mwaka 1997, Mei-Hwei Chang na wenzake wakatangaza kwamba saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 imeshuka kutoka wastani wa 0.70 hadi 0.36 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka. Mlolongo ulikuwa umekamilika: njia ya maambukizi ilijulikana, madhara yalihesabiwa, kinga ilijaribiwa, sera ikatungwa, na saratani ikapungua mbele ya macho ya watu.

Nusu iliyopokewa, nusu iliyoachwa

Afrika Mashariki haikubaki nyuma kabisa. Mwaka 1992 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote kuingiza chanjo ya homa ya ini B katika mipango yao ya taifa. Tanzania, Kenya na Uganda zilifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo chanjo hiyo hutolewa ndani ya chanjo ya pamoja inayojulikana kama Penta, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wauguzi wa kliniki za watoto, ambao sifa zao hazisemwi inavyostahili, wamewaokoa watoto wengi kwa sindano hizo tatu.

Hata hivyo, Penta haiwezi kutolewa siku ya kuzaliwa, na wiki sita ni muda mrefu mno kwa mtoto wa mama mwenye virusi. Kufikia siku anayopelekwa kliniki kwa mara ya kwanza, virusi vinaweza kuwa vimekwisha kukaa ndani ya ini lake, na sindano ya siku hiyo haitavitoa. Ndiyo maana tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba kila mtoto, katika kila nchi, apewe dozi ya chanjo ya homa ya ini B pekee ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, kisha afuate ratiba ya kawaida. Katika sehemu kubwa ya Afrika pendekezo hilo limebaki katika makabati. Ripoti ya Shirika hilo ya mwaka 2024 ilieleza kwamba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya homa ya ini B duniani hutokea katika Kanda ya Afrika, ilhali ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga wa kanda hiyo wanaopata dozi ya siku ya kuzaliwa. Kanda yenye mzigo mkubwa kuliko zote ndiyo inayochelewa kuutua.

Sababu za kusubiri na uzito wake

Haki inataka hoja za wanaosita zisikilizwe. Hoja ya kwanza husema kwamba Afrika si Taiwan. Huko mashariki ya Asia akina mama wengi wenye virusi huwa navyo kwa wingi mno katika damu, kwa hiyo huwaambukiza watoto wakati wa uzazi. Barani Afrika, hoja hiyo huendelea, watoto wengi waliambukizwa baadaye, katika miaka mitano ya kwanza, kutoka kwa ndugu na watoto wenzao kupitia majeraha madogo na vifaa vyenye damu. Maelezo hayo yalikuwa sahihi kwa zama zake. Lakini chanjo ya wiki ya 6 imekwisha kuubana mlango huo wa pili. Kadiri maambukizi ya utotoni yanavyopungua, ndivyo sehemu ya yale ya wakati wa uzazi inavyokuwa kubwa katika yanayobaki. Isitoshe, wanawake wengi wanaojifungua sasa wakiwa na miaka 25 na kuendelea walizaliwa kabla chanjo haijaingia katika ratiba au wakati ndiyo kwanza inaanza kuenea. Hao ni kizazi ambacho hakikukingwa, na ndicho kinachojaza vyumba vya kujifungulia.

Hoja ya pili ni ya gharama na vifaa. Ni kweli kwamba kingamwili zilizotumika Taiwan ni ghali na zinahitaji utunzaji mgumu, na kwamba kipimo cha wingi wa virusi hakipatikani katika zahanati ya kijiji. Lakini dozi ya chanjo peke yake, ikitolewa kwa wakati na kufuatiwa na zile nyingine, huwakinga watoto walio wengi hata pasipo kingamwili hizo. Chanjo yenyewe si ghali na hustahimili joto kuliko chanjo nyingi, ingawa huharibika ikigandishwa. Taasisi ya Gavi, inayosaidia nchi zenye kipato kidogo kupata chanjo, iliidhinisha msaada kwa dozi hii mwaka 2018. Janga la UVIKO-19 likauchelewesha mpango huo, lakini dirisha la maombi lilifunguliwa mwaka 2024. Kisingizio cha fedha kimepungua nguvu.

Hoja ya tatu ni kwamba wako akina mama wanaojifungulia nyumbani. Wapo, na hawapaswi kusahauliwa. Lakini nchini Tanzania utafiti wa taifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takribani uzazi wa mara nane kati ya kumi hutokea katika vituo vya afya. Mtoto huyo anayezaliwa kituoni huandaliwa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Jokofu lipo, muuguzi yupo, kadi ipo. Kinachokosekana ni kichupa kimoja zaidi na uamuzi wa kukiweka hapo. Kushindwa kumfikia mtoto mmoja wa kijiji cha mbali si sababu ya kuwanyima wanne waliokwisha kulala mbele ya mkunga.

Hoja ya nne husemwa kwa sauti ya chini na wazazi: mtoto bado mchanga, ataumizwa na sindano. Huruma hiyo inaeleweka, lakini waswahili walikwisha kuijibu waliposema mchelea mwana kulia hulia yeye. Chanjo hii imetolewa kwa mamilioni ya watoto wachanga duniani kwa miongo minne, na usalama wake ni miongoni mwa mambo yaliyothibitishwa vizuri katika tiba.

Wajibu wa kila mmoja

Ikiwa funzo la Beasley lina maana yoyote kwa watumishi wa afya, maana hiyo inaanzia kliniki ya wajawazito. Mjamzito hupimwa virusi vya UKIMWI na kaswende kama jambo la kawaida, na hakuna sababu ya kitaalamu ya kuiacha homa ya ini B nje ya orodha hiyo, maadamu kipimo chake cha haraka hutumia tone la damu na huleta jibu katika dakika chache. Mama akikutwa na virusi, yapo mambo matatu ya kufanya: kuhakikisha mtoto wake anapata dozi ya kwanza mara tu anapozaliwa, kumpima mama mwenyewe hali ya ini, na kuangalia kama anastahili dawa ya tenofoviri katika ujauzito ili kupunguza virusi kabla ya uzazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaruhusu kufikiria kumpa dawa hiyo kila mjamzito mwenye virusi pale ambapo vipimo vya kina havipatikani. Dawa yenyewe si ngeni, kwani imo katika bohari za dawa za nchi zote za ukanda huu kwa ajili ya huduma za UKIMWI. Na mama huyo aambiwe waziwazi kwamba anaweza kumnyonyesha mtoto wake.

Mahali ambapo dozi ya siku ya kuzaliwa haijaingia katika ratiba, mtumishi hana mamlaka ya kutunga sera, lakini ana kalamu. Anaweza kuandika katika kadi ya mama kwamba ana virusi, ili mkunga wa zamu ajue. Anaweza kumweleza mama kituo ambacho chanjo hiyo inapatikana. Anaweza kuhesabu akina mama wenye virusi waliopita katika kituo chake na kuipeleka hesabu hiyo kwa mganga mkuu wa wilaya. Beasley aliwashawishi wenye mamlaka kwa hesabu, na hesabu za wilaya moja zinaweza kusema mengi kuliko malalamiko ya miaka kumi.

Mtumishi wa afya pia ana deni kwa nafsi yake. Kuchomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa ni ajali ya kila siku katika maabara, vyumba vya upasuaji na wodi za wazazi, na virusi vya homa ya ini B huambukiza kwa njia hiyo kwa wepesi kuliko virusi vya UKIMWI. Muuguzi, mkunga, fundi wa maabara na mfanya usafi wa hospitali ambaye hajakamilisha dozi tatu anakwenda kazini bila ngao iliyo tayari.

Kwa upande wa wagonjwa, jambo la kwanza ni kuondoa hofu na aibu. Wengi hupata habari ya virusi hivi kwa bahati: wamekwenda kuchangia damu, au wamepimwa kwa ajili ya safari ya kazi katika nchi za Ghuba, na wanarudi na karatasi wasiyoielewa. Nyumba nyingine huvunjika hapo, mume akimshutumu mke au mke akimshutumu mume. Wajue kwamba mtu anaweza kuwa aliambukizwa na hewa yake ya kwanza duniani, miaka mingi kabla ya kumjua mwenzi wake. Ni kweli kwamba virusi huambukiza kwa kujamiiana pia, na ndiyo maana mwenzi na watoto wanapaswa kupimwa na, wasipokuwa navyo, kuchanjwa. Lakini havienezwi kwa kula sahani moja, kukumbatiana, kukohoa wala kushikana mikono. Vitu vya kutochangia ni vile vinavyogusa damu, kama wembe, mswaki na sindano.

Jambo la pili ni kwamba kuwa na virusi si hukumu ya kifo. Wengi wenye virusi hawatapata saratani. Wanachohitaji ni uangalizi: vipimo vya damu vya kazi ya ini, kipimo cha picha ya ini kwa mawimbi ya sauti kadiri daktari atakavyopanga, na dawa kwa wale wanaostahili. Tenofoviri haiondoi virusi vyote mwilini, bali huvidhibiti na kupunguza hatari ya makovu ya ini na saratani. Anayeanza dawa hiyo asiiache bila shauri la daktari, kwa sababu ugonjwa unaweza kulipuka upya. Pombe iepukwe. Dawa za mitishamba zisizojulikana viungo vyake zinaweza kuliangamiza ini lililokwisha kujeruhiwa. Mahindi na karanga zenye ukungu zisiliwe, wala zisisagwe kwa matumaini kwamba unga utauficha ukungu. Pamoja na hayo yote, ripoti ile ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba duniani kote ni asilimia 13 tu ya wenye homa ya ini B ya kudumu waliokuwa wametambuliwa kufikia mwaka 2022, na asilimia 3 tu waliokuwa wakitibiwa. Kila anayepima leo anaingia katika kundi dogo lenye bahati ya kujua mapema.

Kipimo cha heshima

Palmer Beasley alifariki dunia Agosti 2012. Alipata tuzo za kimataifa, ikiwamo Tuzo ya Mfalme Faisal ya mwaka 1985 katika tiba, na aliongoza shule ya afya ya jamii huko Texas kwa miaka mingi. Lakini mtafiti wa afya ya jamii hawezi kupimwa kwa nishani. Wagonjwa aliowaokoa hawajijui, kwa kuwa hawakupata kuugua. Hakuna mtu mzima wa Taipei mwenye miaka 35 leo anayeamka asubuhi akishukuru kwamba hana saratani ya ini. Mafanikio ya kinga ni ya kimya, na pengine ndiyo sababu ni rahisi kuyaahirisha: anayekosa dawa hulalamika, lakini mtoto anayekosa chanjo siku ya kuzaliwa halalamiki mpaka afike ile wodi ya magonjwa ya ndani, miaka thelathini au arobaini baadaye, wakati hakuna tena wa kumlaumu.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika maradhi haya usemi huo ni kweli hata kwa maana yake ya wazi. Ushahidi wa kisayansi ulitimia tangu miaka ya 1980, mwongozo upo tangu mwaka 2009, chanjo ipo, na watoto wengi huzaliwa mbele ya watu wenye ujuzi wa kuitoa. Wenye mamlaka ya ratiba za chanjo wanapaswa kuiweka dozi ya siku ya kuzaliwa palipo na ile ya kifua kikuu, na kuifuatilia hadi imfikie mtoto wa zahanati ya mwisho. Hadi hapo, kila mjamzito na mume wake wana swali moja la kumuuliza mkunga kabla ya siku ya uzazi, tena bila kuona haya: je, mtoto wetu atapata chanjo ya homa ya ini kabla hajatimiza saa 24?